Nilivyozipanga Pleti za Klachi

Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisema ni vipuri bandia vilivyotuaibisha, na kwa nilivyo na ulimi watu wakaniamini, hata wajomba zetu hapa Kisauni wakaacha kununua vitu katika duka ambalo halikuwa na kosa lolote. Leo nasema kweli: klachi ya pikipiki ya ndugu yangu Athumani niliiharibu mimi, na ilikuwa ndiyo siku aliyokuwa akitazamwa kama anafaa kuoa.

Athumani ni mdogo wangu, mwendesha bodaboda, na alikuwa amevuka arobaini bila mke. Yeye na Mwanaisha walipendana, lakini mama yake Mwanaisha, Bi Rehema, hakuwa na imani na watu wa pikipiki. Posa hakuikataa wala hakuikubali. Alisema tu, "Na aje Jumamosi anipeleke sokoni Kongowea, nimwone mwenyewe anavyokwenda."

Basi asubuhi ya Jumamosi Athumani akafungua klachi uani kwetu atie pleti mpya, asije akaaibika (nacheka nikiandika neno hilo). Alikwisha kuzipanga juu ya gazeti tayari kuzirudisha alipoitwa msibani mtaa wa nyuma, na kwetu mwanamume akiitwa kuzika huacha lolote alilo nalo. Nikabaki nazitazama. Nimemshikia spana miaka mingi, nikajiona fundi, tena nikaona amezipanga ovyo: moja ya chuma kitupu, moja yenye lainingi ya kushikia, kisha ya chuma tena, kama nyumba isiyo na mwanamke. Mimi nimelelewa kwamba baada ya karamu sahani hukaa na sahani na sinia hukaa na sinia, kwa hiyo nikazifuta, nikaweka za chuma zote mwanzo, za lainingi zote mwisho, nikazisukuma ndani, nikakaza springi na kifuniko, nikarudisha oili, nikasimama kando nikiitazama kazi yangu kwa mapenzi.

"Umezirudisha kama zilivyokuwa?" akauliza aliporudi kutoka makaburini.

"Vizuri kuliko zilivyokuwa," nikasema.

Akavaa kanzu safi, nikapanda nyuma. Kwenda kwa Bi Rehema ni mteremko mtupu, na Athumani akaiachia pikipiki ishuke bila kuiwasha, kama wafanyavyo wote wanaobania petroli, kwa hiyo tulifika kwa heshima zote. Bi Rehema akatoka na kikapu, tukamwamkia, akaketi upande nyuma ya Athumani, majirani wakajaa vibarazani. Athumani akawasha, akatia gia, akaachilia klachi. Injini ikalia, pikipiki haikusogea. Akaongeza moto, ikalia zaidi, na harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

"Athumani, kwani watusagia unga leo?" akauliza jirani mmoja mwenye genge la mboga.

"Mwanangu," akasema Bi Rehema, bado ameketi wima na kikapu mapajani, "twaenda au twangoja?"

Akamteremsha kwa adabu, akaifunga kanzu kiunoni, akailaza pikipiki ubavu oili isimwagike, akafungua. Nilimwona alipoziona zile pleti. Akaniangalia mara moja tu. Na mimi, niliyewahi kuandika makala nzima kuhusu kusema kweli, nikasema kabla sijaulizwa, "Vipuri vya siku hizi, mama. Bandia tupu."

"Kosa ni langu, mama," akasema Athumani. "Sikuikagua kabla ya kuja."

Akazipanga upya, lainingi, chuma, lainingi, chuma, kila moja akiipaka oili, akaanza na lainingi na kumalizia na lainingi, huku watu wakimpa ushauri asiouomba naye akiwaitikia. Akafunga, akaizungusha mtaani kuijaribu, ikaenda kama maji. Aliporudi, Bi Rehema alikuwa keshaingia ndani na kikapu chake, na mlango umefungwa.

Nyumbani nilianza kumwomba radhi.

"Za aina moja zikilaliana hazishikani, dada," akasema, "ndiyo maana huchanganywa." Akaenda kuoga. Chakula hakukigusa, nami nikajiapiza kwamba chochote chenye injini nitakuwa nikikitazama kwa mbali.

Kesho yake alasiri simu yangu ikalia. Bi Rehema. Niliipokea nimesimama.

"Pikipiki nishaisahau," alisema baada ya salamu. "Nilikuwa dirishani nangoja nione atamfokea nani. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, akipotewa na msumari nyumba nzima hailali. Huyu kaaibika mbele ya mtaa na hakumfokea mtu. Mwambie alete wazee wake Ijumaa baada ya swala."

"Alhamdulillahi, mama," nikasema, na kwa furaha nikashindwa kunyamaza. "Yaani hivi vipuri bandia vingetuharibia..."

"Mwanangu," akanikata, polepole kabisa, "Athumani alikuja na mikono safi. Ya kwako ilikuwa na oili hadi viwikoni."

Akakata simu.