Ukuta wa Yeriko Uliokataa Kuanguka

Mjukuu wangu wa kike amekuja kutoka Same mjini na mchezo wake wa vita. Askari wake ni wadogo kama kidole cha mtoto, na ngome yao anaichonga mwenyewe kwa waya wa moto, kwenye ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya. Moshi ulipopanda nikakumbuka njiti ya mwavuli.

Rafiki yangu, kwetu hapa Suji, mlimani, tulichonga mkonge. Mkonge ukizeeka hutoa mti mrefu katikati, na mti huo ukikauka, moyo wake unakatika kama mkate. Wembe tuliubana kwenye kijiti kilichopasuliwa. Madirisha tuliyatoboa kwa njiti ya mwavuli mbovu wa bibi, tukiichoma kwenye makaa huku maharage yakitokota.

Mwaka mmoja mwalimu wa shule ya Jumapili alinikabidhi mimi kazi ya kuchonga mji wa Yeriko kwa sikukuu ya mavuno. Matofali ya mkonge yapangwe bila kushikizwa, uzi upite chini yake. Watoto wangezunguka meza mara saba na kupiga kelele, nami ningevuta uzi.

Lakini njia ya kanisani ni mteremko mtupu. Jumamosi jioni hofu ilinishika kwamba mji ungeporomoka mikononi mwangu. Nikachota uji mzito wa bibi, nikagandisha kila tofali, nikidhani asubuhi nitaulegeza. Asubuhi ulikuwa mgumu kama jiwe. Sikumwambia mtu.

Mzunguko wa kwanza nikaushika uzi. Wa nne nikaomba: Bwana, uliuangusha zamani, uangushe na huu. Wa saba watoto walipiga kelele hadi mbuzi wa sadaka waliofungwa nje wakaitikia. Nikavuta. Uzi ukakatika.

Hakuna tofali lililotikisika.

"Jeshi hili halijanywa chai," mzee mmoja akanong'ona nyuma yangu.

"Pigeni tena!" mwalimu akasema, macho yake kwangu. Wakapiga. Ukuta ukasimama vilevile.

Bibi akainuka kutoka benchi la mbele. "Kumbe ndiko uji wangu ulikokwenda. Ni wewe, mama?"

"Ni mimi, bibi. Niliogopa utaanguka njiani."

"Ungeanguka, si tungeupanga tena hapa? Watu wote hawa wana mikono. Haya, njoo tuubomoe."

Tukaubomoa wawili, tofali kwa tofali, mimi nikilia, kanisa likiimba.

Bibi na mwalimu wamelala makaburini sasa. Mkonge wa mpakani mwa shamba uling'olewa zamani, na watoto wa leo wanaitazama Yeriko kwenye simu. Namshukuru Mungu nimeuona umri huu.

Kesho mjukuu wangu anateremka kurudi Same. Ameniuliza kama nina gundi, maana anahofia ngome yake itavunjika kwenye kona za mlima. Gundi ipo kabatini. Nimemwambia aiache. Nitapanda naye gari, na ikivunjika tutaipanga pamoja tukifika.