Fundi Mwishehe Anayafukiza Majalada

Saa mbili asubuhi, barazani kwake Temeke, Fundi Mwishehe Bakari ameinamia sufuria la maji yanayochemka, kanga ya mkewe imemfunika kichwa na mabega. Apitaye njiani hudhani mzee ana mafua. Hana. Anayefukizwa ni jalada la juzuu. Amelishika kwa vidole viwili juu ya mvuke, analigeuza huku na huku kama mtu anayebabua jani la mgomba.

"Fundi, homa ya kitabu imeshuka?" anauliza jirani yake, Salumu muuza mkaa, bila hata kupunguza mwendo.

"Pita salama, Salumu," anajibu fundi kutoka ndani ya kanga.

Mwishehe ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza akijalidi vitabu: juzuu za watoto wanaosoma Kurani, misahafu ya wakubwa, madaftari ya wenye maduka wa barabara ya Kilwa. Jalada la juzuu ni thumuni. Wiki njema hupata majalada kumi, na wiki isiyo njema nyumba nzima hula muhogo asubuhi na jioni.

Kwa mikono hana mpinzani toka Mtoni hadi Mbagala. Kwa ahadi ni fundi kama mafundi wengine mnaowajua. Kila kazi iko tayari Ijumaa, na Ijumaa yenyewe hasemi ya mwezi gani.

Ijumaa hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye sufuria.

Mwaka 1948 Mzee Hashil bin Hamoud, mwenye duka wa Mbagala, alimletea daftari lililong'oka jalada. Lilikuwa na karatasi arobaini, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa akipima sukari kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Kila mteja mwenye habari ya zamani alikalishwa juu ya gunia na kuulizwa: pori hili alilifyeka nani, kisima kile alichimba nani, mwaka wa njaa mlikula nini.

"Aliniambia, 'Nifungie vizuri, Mwishehe, hili ndilo duka langu la pili,'" anakumbuka fundi. "Nikamwambia, njoo Ijumaa."

Mzee Hashil alikuja Ijumaa kumi na moja. Ya kumi na mbili alikuwa kaburini.

Mwishehe alikwenda mazikoni. Alikwenda na hitimani pia, akala pilau ya marehemu, na daftari la marehemu likiwa nyumbani kwake chini ya kitanda, halijaguswa hata kwa sindano.

"Ningelirudisha vipi, bila jalada, baada ya Ijumaa zote hizo?" anasema, akitazama vidole vyake. "Niliona haya. Nikasema nitalifunga kwanza. Basi haya ile ikazaa nyingine, na nyingine ikazaa hii mnayoiona."

Daftari likakaa. Bintiye Mzee Hashil, Bi Thuraya, alikuwa ameolewa Kilwa, na duka likauzwa. Hakuna aliyekuja kuuliza. Mwaka 1950 karatasi ngumu za kutengenezea majalada zikaadimika madukani, na fundi akaanza kubandika karatasi kuukuu moja juu ya nyingine kwa uji wa muhogo mpaka ziwe nene kama ubao.

Wajalidi wa pande hizi wana kanuni moja. Karatasi yoyote yenye jina la Mungu haikatwi wala haipakwi gundi. Huwekwa kwenye kikapu darini, na kikijaa huzikwa mahali safi.

"Nikapekua daftari la mzee, karatasi moja moja. Jina la Mola sikuliona. Bismillahi ilikuwa kwenye karatasi ya kwanza, na hiyo ilikwisha liwa na panya tangu dukani kwake. Nikasema moyoni, haya ni majina ya watu tu."

Maji yanatokota.

"Majina ya watu tu. Neno hilo nimelisema mimi, kwa kinywa hiki."

Karatasi arobaini zikatoa juzuu kumi. Kila juzuu ilimeza karatasi nne za Mzee Hashil, mbili mbele na mbili nyuma, zikafunikwa kitambaa cheusi kizuri, zikaenda zao.

Mwezi wa tatu mwaka huu, wageni wawili walipiga hodi. Mmoja alikuwa Leodegar, kijana wa bara, karani wa maktaba ya chuo kikuu kimoja huko Uganda, anayezunguka kwa baiskeli akitafuta maandiko ya wenyeji. Wa pili alikuwa Bi Thuraya mwenyewe, amerudi mjini baada ya kufiwa na mume.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Thuraya. "Baba alituachia neno kwamba daftari lake liko kwako."

Leodegar akaeleza kazi yake. Maktaba yao ina chumba cha peke yake cha maandiko ya kale. Kitabu cha humo hakiazimwi kwenda nyumbani. Hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na picha hizo hupelekwa kule kilikotoka, watu wasome habari zao wenyewe.

Hapo Mwishehe alifanya jambo ambalo hadi leo hulisimulia akiwa ameangalia pembeni.

"Nikawaambia limeliwa na mchwa."

Bi Mwantumu, mkewe, alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Ungo ukasimama.

"Mchwa?" akauliza. "Mchwa gani huyo, baba, aliyekuwa na mkasi na brashi ya gundi? Si nimempikia uji wa muhogo mwenyewe!"

Leodegar akainama kutafuta kitu kwenye mnyororo wa baiskeli. Bi Thuraya hakupaza sauti wala hakulia. Alisimama, akajifunga buibui yake vizuri, akasema tu, "Baba alikuwa akikusifu sana." Kisha akaaga kwa adabu zote.

"Afadhali angenitukana," anasema fundi.

Kesho yake Mwishehe alikwenda kwenye nyumba ya kwanza aliyoikumbuka, akaomba jalada. Akalitia ndani ya beseni la maji, kama anavyobandua siku zote. Gundi ikaachia. Wino nao, wino wa masizi wa Mzee Hashil, ukaachia. Karatasi nne zikatoka nyeupe, na maji meusi Bi Mwantumu akayamwagia mpapai kabla hajajua ni maji gani.

Tangu siku hiyo hatumii beseni. Anatumia mvuke, kisha kisu cha mfupa, pole pole, asubuhi nzima kwa jalada moja.

Kazi ngumu zaidi iko milangoni kwa watu. Kila nyumba lazima aeleze kwa nini analitaka jalada, maana kwa uwongo mwingine hana nguvu tena. Mwanamke mmoja wa Mtoni alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Na juzuu ya mwanangu utaiacha uchi? Au nayo utaifunika kanga?" Fundi akamtolea jalada jipya, la kadi ya boksi aliloletewa na Leodegar. Halipi mtu, halipwi na mtu.

Mpaka sasa ameyapata majalada saba. Ukiondoa lile la beseni, mengine sita yametoa karatasi ishirini na nne, na ishirini na moja zinasomeka. Zilipotoka za kwanza alimpelekea Leodegar habari, na tangu hapo kila Jumamosi karani hufika na Bi Thuraya, fundi husoma kwa sauti, karani huandika.

Jumamosi iliyopita zilisomwa habari za kisima kilicho nyuma ya minazi, ambacho nusu ya Mbagala hunywa maji yake bila kuuliza. Mzee Hashil ameandika kwamba wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza wanaume walikimbilia porini wasishikwe kubeba mizigo. Kisima kikachimbwa na wanawake watano, kwa majembe, kwa siku kumi na tisa. Akawataja. Mwanaidi. Binti Kombo. Mashavu. Tausi wa Kipati.

Karatasi ikaishia hapo.

"Na wa tano?" aliuliza Leodegar, kalamu juu.

Jina la tano liko kwenye karatasi iliyofuata. Labda limo kwenye mojawapo ya majalada matatu yaliyobaki. Labda lilikwenda na maji ya beseni.

"Kama ni hivyo, mpapai ule unamjua," anasema Bi Mwantumu, naye safari hii hacheki. "Mapapai yake mie siyali."

Moja ya majalada hayo linajulikana liliko: Kawe, kwa msichana aliyeolewa huko akaondoka na juzuu yake ya utotoni. Jumatatu Mwishehe atakwenda, kwa miguu mpaka atakapopata lori. Hayo mawili mengine atayaulizia misikitini baada ya sala, asimame mbele ya watu aseme alichokifanya. Amekwisha mwomba Imamu ruhusa. Siku, amemwambia, ni Ijumaa, safari hii ya wiki hii.

Akimaliza, atazishona karatasi zote, hata zile nne nyeupe, kila moja mahali pake, wasomaji wa huko chuoni wajue kwamba palikuwa na maneno. Mwishoni atatia karatasi moja ya mkono wake mwenyewe, aeleze aliyeyafuta ni nani.

Malipo hataki. Kuna kitu kimoja tu anachokitaka. Bi Thuraya, kila afikapo Jumamosi, humsalimu vile vile kama siku ya kwanza, "Shikamoo, mzee," na yeye hujibu akiwa ndani ya kanga, kwa sauti ambayo hata mvuke hauisikii.

"Nataka siku moja," anasema Mwishehe, akichukua jalada jingine, "nimtazame usoni, niitikie marahaba."