Jina la Mkwe Kwenye Mtihani wa Kisomo

Mwaka sabini na tano Serikali ilitaka kujua nani anajua kusoma. Ingetuuliza tu, tungeiambia. Lakini wapi, ikaleta mtihani, na mtihani ukafika hadi kwetu Mwamkulu ndani ya bahasha, ukisindikizwa na msimamizi mwenye suruali iliyopigwa pasi ikakaa kama panga. Sisi wanafunzi wa kisomo cha watu wazima tukajibana kwenye madawati ya watoto wetu, magoti yakigusa videvu, taifa zima likitusubiri.

Mimi Emerensiana nilikwenda kwa sababu balozi wa nyumba kumi alisema asiyekwenda atafagia ofisi ya kijiji mwezi mzima. Jirani yangu Marsela alikuwa na sababu yake. Yeye alilitaka sanduku la dawa.

Sanduku hilo lilikuwa la kijiji, dawa za huduma ya kwanza, nalo lilitunzwa na Ponsian kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na kufuli. Wakati huo kusoma alikuwa bado hajui, ila jambo hilo halikumnyima usingizi hata siku moja. Dawa alizijua kwa rangi. Mtoto wa Marsela aliposhikwa na homa, daktari wetu huyo alimpa vidonge vya minyoo, maana vyeupe ni vyeupe. Mtoto alichemka wiki nzima, akapona kwa huruma ya Mungu, na minyoo yake nayo ikakoma. Marsela hakucheka. Alijiandikisha kisomo mara moja. Baadaye mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba sanduku atakabidhiwa atakayefika hatua ya tatu kwenye mtihani, yaani aliyefaulu, na asipopatikana, basi Ponsian aendelee na rangi zake.

Sasa, Marsela ni Mpimbwe kama mimi, lakini ameolewa kwa Wasukuma. Mumewe ni Nyanda, na baba wa Nyanda ni mzee Makoye. Mzee huyo hakuona kisomo kinajaza ghala la nani. Siku ya mtihani alimfuata mke wa mwanawe hadi shuleni, akakaa nje chini ya dirisha, fimbo magotini, kuhakikisha ukiisha tu anarudi kupura mpunga.

Mtihani wenyewe ulikuwa hadithi fupi na maswali. Usome, uelewe, ujibu. Tulipotoka tukakusanyika pembeni ya darasa, kila mmoja akitaka kusikia mwenzake kakosea wapi.

"La kwanza," Ponsian akaanza, maana naye siku hizi alikuwa mwanafunzi mwenzetu, kwa sauti ya mtu aliyeshapasi. "Nani hakuwa na choo? Makoye!"

"Makoye," tukaitikia.

Msinitazame mimi. Aliyetunga hadithi alikaa huko Dar es Salaam, akaona jina Makoye linampendeza, akampa mkulima mkaidi asiyetaka kuchimba choo mpaka watoto wake wanaharisha. Angejuaje kwamba Makoye wa kweli amekaa hatua chache kutoka hapo?

"Mimi nina choo," mzee akasema kule chini ya dirisha.

"Si wewe, mzee, ni wa kwenye karatasi," Ponsian akamtuliza, kisha akaendelea. "La pili. Nani alimshauri Makoye achimbe? Nimeandika balozi wa nyumba kumi."

"Hadithi inasema bwana afya," nikamwambia.

"Bwana afya gani? Wewe umewahi kumwona bwana afya huku? Hapa kwetu anayesumbua watu na vyoo ni balozi."

Hapo ndipo mtu anapochoka. Anaulizwa cha kwenye karatasi, anajibu cha mtaani kwake! Na wenzangu nao, nusu walikuwa wameandika balozi, wakafurahi kweli kuona wako wengi.

 Nikamuuliza Marsela la kwanza kaandika nani.

"Nimeandika 'yule mzee'," akasema polepole.

"Na la tatu, nani aliwafanya watoto waugue?"

"Yule mzee."

"La tano?"

Akainamisha kichwa. Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, mpaka nikaona machozi yamemlenga. Kwa Wasukuma mke hataji jina la baba mkwe. Hata mjini akikutana na mtu mwenye jina hilo anazungukazunguka kama anatafuta njia. Na msidhani kuandika si kutaja. Nyie mliosoma utotoni mnaandika midomo imefungwa. Sisi tulifundishwa ukubwani, silabi kwa silabi, kwa sauti, na kalamu haiendi bila mdomo kutangulia. Darasa zima siku ile lilikuwa linavuma kama mzinga. Marsela angeandika jina lile, mkwe wake angelisikia pale dirishani, likitoka kinywani mwake, tena la mtu asiye na choo.

Msimamizi alikuwa ametoka kuvuta sigara, akayasikia yote. Akarudi ndani, akaichomoa karatasi ya Marsela, na ghafla akawa na moyo wa huruma ambao asubuhi hatukuuona. Huruma hiyo ilikuwa na jina: kata ilikuwa imeahidi watu wengi watafaulu.

"Mama, mengine yote umepata," akasema. "Bahasha sijaifunga. Jibu lako halijakamilika tu. Njoo uandike jina, utakuwa umefika hatua ya tatu."

Marsela akaingia, akakaa, akashika kalamu. Akatazama dirishani, akaona kofia ya mzee. Akaiweka kalamu. Akaishika tena. Roho iliniuma. Mwaka mzima mwanamke huyu amekuja darasani mgongo umekufa kwa jembe, halafu neno moja linamshinda, na analijua kuliko sisi wote.

"Kuna nini humo?" mzee Makoye akauliza. Wanaume wakaanza kutazama mawingu, na ilikuwa Agosti, kiangazi kitupu.

Mimi mdomo wangu haujui kupumzika. "Mzee, anatakiwa aandike jina lako, na wewe umekaa dirishani."

"Na asipoliandika?"

"Sanduku la dawa linabaki kwa Ponsian."

"Huyu aliyempa mjukuu wangu dawa ya minyoo?"

"Huyu huyu."

Mzee akamtazama Ponsian kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akajikung'uta, akaondoka bila kuaga. Akakata katikati ya majaruba ya mpunga yaliyovunwa, akaenda, akaenda, mpaka tukawa tunaona kofia tu. Huko akasimama, akatugeuzia mgongo. Ndani ya darasa nikaisikia sauti ya Marsela, ndogo: ma, ko, ye. Mara tatu, kila swali mara moja. Msimamizi akaifunga bahasha, akapanda gari na huruma yake.

Mzee aliporudi, Marsela alikuwa amepiga magoti nje, macho chini, kama inavyompasa. Mzee akasimama mbali naye kidogo.

"Umeandika?"

"Ndiyo, baba."

"Likoje?"

Karatasi ilishaondoka. Marsela akaokota kijiti, akasawazisha vumbi kwa kiganja. Tukamzunguka. Akaandika herufi zote sita, na nawaambia nilikuwa namtazama mdomoni: midomo ilikuwa imebana, haikutikisika hata kidogo. Ndiyo mara ya kwanza namwona mmoja wetu akiandika kimya.

Mzee Makoye akainama juu ya fimbo yake, akatazama. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha. Alikuwa na ng'ombe, wake wawili, wajukuu tele, na umri wote huo hakuwa amejiona.

"Huyu ni mimi?"

Marsela akatikisa kichwa kukubali.

Akazidi kutazama. Kisha akazunguka kwa upande, asilikanyage, akaenda mpaka kwa Ponsian.

"Kesho asubuhi uniletee lile sanduku nyumbani."

"Mzee, majibu bado hayajatoka," Ponsian akasema.

"Yangu yametoka."