Mtaro Mbele ya Lori

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Mbeya, zamani za Mwingereza, wakati barabara ya kwenda Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa bado ya vumbi na mashimo. Alipeleka chumvi, sabuni na mabati mpaka Tunduma, akavuka mpaka, akarudi na mizigo ya huko. Baada ya kila safari mbili alipewa siku nne za kupumzika. Nyumbani kwetu hakukuwa mbali na Mlowo, kwa hiyo hakuona sababu ya kulirudisha lori Mbeya kisha atafute njia ya kuja. Alikuja nalo. Tajiri alikubali kwa sharti moja: lori likilala mahali, na dereva alale hapohapo. Kikipotea hata kifuniko cha tangi, asirudi kazini.

Lori lile halikuwa na pa kulala. Aliliweka kando ya barabara Mlowo, nyapara wa barabara akamfukuza kwamba anabomoa mfereji. Akalisogeza mbele ya duka, mwenye duka akasema wateja hawauoni mlango. Wazee wa kanisa walimruhusu mara moja kuliweka uwanjani, lakini Jumapili akina mama wakakuta oili imemwagika pale wanapokaa baada ya ibada, akaambiwa asilirudishe. Sitaki kujifanya mwema. Aliponisimulia jinsi mzee mmoja alivyolichapa lori kwa fimbo kama anayeswaga ng'ombe, nilicheka. Aliniona nikicheka, na siku ile hakugusa chakula changu.

Mbele ya nyumba yetu palikuwa na mibuni. Ilikuwa yangu. Najua kwetu ardhi ni ya ukoo wa mume, na buni ilipoanza kuuzwa wanaume walisema ni zao la wanaume. Lakini miche ile nilipewa na baba yangu huko Itaka, kijijini kwetu nilikozaliwa, nikaibeba kichwani ndani ya tenga, imefunikwa majani mabichi ya mgomba. Viangazi viwili niliimwagilia kwa maji ya kijitoni. Mume wangu alikuwa barabarani. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa ambaye ua wake ulipakana na wetu, alikuwa akipita na kuuliza kama nimeolewa au nimeajiriwa.

Mwezi wa Januari mama yangu aliugua, nikaenda Itaka kumuuguza. Nilikaa wiki moja. Niliporudi, siku ya Jumamosi, niliona turubai la lori kutoka mbali, nikashangaa kwamba linaonekana juu ya mibuni. Nilipokaribia nikaelewa. Hapakuwa na mibuni. Lori lilikuwa limesimama mlangoni kwangu juu ya udongo mwekundu uliochimbuliwa, na mashimo ya visiki yalikuwa hayajafukiwa hata vizuri.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akikaza kamba za turubai. Hakuinuka.

“Mibuni yangu iko wapi?” nikamuuliza.

“Kuni ziko nyuma ya jiko.”

“Nimekuuliza mibuni.”

“Mama watoto, lori ndilo linalotulisha. Limefukuzwa kila mahali, na wewe ulicheka. Sasa limepata mahali.”

Nilikwenda nyuma ya jiko. Mibuni ilikuwa imekatwakatwa vipande vya urefu mmoja, imepangwa vizuri, na punje mbichi zilikuwa bado kwenye matawi. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaanza kuichukua kwa moto wake. Aliniambia, bila ukali, kwamba mwanamke hapandi miti kwa watu, anapanda mahindi. Sikuzigusa kuni zile. Jioni ile nilipika kwa mabua, moshi ukatutoa machozi sote.

Asubuhi watu wote walikwenda kanisani. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Walipopotelea kwenye kona ya njia nilichukua jembe, nikaenda mbele ya lori, mahali njia inapopita kati ya ukingo wa kijito na ua wa shemeji. Hapo ndipo penye upenyo wa gari, na hapana pengine. Nikaanza kuchimba.

Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Nilichimba kutoka ukingoni mpaka uani, mpaka mtaro ukanifika mapajani. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo sijaipata tena, na nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa ikiniumiza. Kengele ya kanisa iliponifikia nilijua nafanya kazi siku ya Bwana, nikaendelea.

Waliporudi walinikuta nimekaa juu ya kifusi. Shemeji ndiye aliyetangulia kusema. Alisema nirudishwe kwetu siku ileile, na mahari idaiwe, maana mke anayemfungia mumewe njia ni adui ndani ya nyumba. Aliyasema mbele ya majirani, wenye Biblia mikononi, na baadhi yao wakaitikia kwa kichwa. Mke wake aliyaita watoto wangu akawaingiza kwake, kana kwamba ningewatupa mtaroni.

Mume wangu hakunipiga, ingawa wengi walikuwa wakingoja anipige. Alikwenda kwenye lori akachukua chepe, akaanza kufukia upande wa kijitoni. Nikashuka upande wa uani, nikaanza kuutoa udongo uleule. Tulifanya hivyo kwa muda mrefu, hatutazamani. Yeye anatia, mimi natoa. Majirani walichoka wakaenda zao kula. Hatimaye alisimama, shati limelowa jasho, akanisogelea.

“Kesho alfajiri natakiwa Tunduma,” alisema kwa sauti ya chini. “Nisipofika, kazi imekwisha. Unajua hivyo?”

“Najua.”

“Na bado unachimba.”

“Ulipoikata miti, ulijua nini?”

Alilirudisha chepe kwenye lori. Mvua ikaanza, ikanyesha mpaka usiku, tukaingia ndani kila mmoja kwa mlango wake, yeye kwa mama yake, mimi kwangu. Alfajiri nilimsikia akiliwasha lori. Alikuwa ameweka magogo juu ya mtaro, lakini ukingo ulikuwa umelowa, gurudumu la mbele likateleza na lori likainama upande kama mnyama aliyepiga goti. Alijaribu kurudi nyuma, likazama zaidi. Wanaume wa jirani walikuja kutazama. Shemeji aliwakataza kusaidia, akisema lori hilo limeleta laana, liozee hapohapo. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa akimchukia mdogo wake kuliko alivyonichukia mimi, na kwamba alikuwa amelingoja jambo kama lile kwa miaka.

Siku ya tatu tajiri alifika na gari dogo, pamoja na wanaume wenye minyororo, wakalivuta lori likatoka. Hakuuliza habari za mibuni. Alimtukana mume wangu mbele ya mama yake na watoto wetu, akamwita mjinga asiyeweza kumtawala hata mkewe. Mume wangu alisimama, kofia mkononi, akisema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Nilikuwa nimeitamani siku ya kumwona akidhalilika. Ilipofika nilifurahi kidogo sana, kisha sikujua niangalie wapi.

Hakufukuzwa, maana madereva wa barabara ile walikuwa wachache. Lakini tajiri alikata shauri kwamba lori lisilale tena kwa mtu. Siku za mapumziko litakaa Tunduma, kwenye kiwanja karibu na forodha, na dereva atakaa nalo. Tangu hapo mume wangu alipumzika chini ya turubai, miongoni mwa madereva wenzake, akila ugali wa kununua. Akitaka kuona watoto alimwachia mwenzake ulinzi, akapata gari la kumpakia, akakaa saa chache, akarudi. Mara nyingi alipofika mimi nilikuwa shambani, na sikuharakisha.

Shemeji alinishitaki kwenye baraza la mwene, mtawala wetu wa jadi. Mwene alitusikiliza wote akaamua kwamba ardhi ni ya ukoo, hilo halina ubishi, ila miti ni ya mkono ulioipanda. Mume alitakiwa kuniletea miche mingine. Mimi nilitakiwa kuufukia mtaro peke yangu, na nikaufukia, wakinitazama. Miche aliileta, akaibwaga mlangoni bila salamu. Niliipanda. Pale lori liliposimama, oili ilipokuwa imeingia ardhini, iliota vibaya, mingine ikafa.

Tulizaa watoto wawili zaidi, kwa hiyo asiseme mtu kwamba ndoa ilivunjika. Lakini hakuwahi kuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Alipokuwa mzee na hana lori tena, aliwahi kusema tulipokuwa tunapukuchua mahindi kwamba Tunduma kulikuwa na baridi sana. Nikamwambia naamini. Basi.

Mwaka ule wa mtaro kanisa lilinitenga kwa kuchimba siku ya Bwana. Kwa miezi mitatu sikushiriki meza ya Bwana. Jumapili niliyoruhusiwa kurudi nilivaa vizuri, nikaenda kukaa kwenye benchi letu la zamani. Mke wa shemeji alikusanya kanga yake, akainuka, akahamia benchi la nyuma, na wanawake wawili wakamfuata. Nilisogea katikati ya benchi, nikakaa.