Mwalimu Simeoni na Kisigino cha Paskali

Mwalimu Simeoni Kiula alikuwa na tabia ya kumtazama mtu miguu kabla ya kumtazama uso. Ukimpa shikamoo ataitikia vizuri, lakini macho yake yatakuwa chini, kwenye vifundo vyako. Wanafunzi wapya walidhani anawadharau kwa kuwa wamekuja peku. Baada ya wiki mbili tatu walikuwa wanajua kwamba mwalimu huyu akikutazama mguu, ameshajua umelalaje, umekula nini, na kama jana ulianguka ukaficha.

Shule yenyewe ilikuwa shule ya kati ya misheni, upande wa Iramba, nyumba nne za matofali na uwanja uliokuwa na vumbi kiangazi na mbigili masika. Simeoni alifundisha hesabu na jiografia. Jioni alifundisha mpira na mbio. Na baada ya mbio, akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba cha seremala, alitibu. Wakati wa vita alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mbeba machela huko Burma, na daktari mmoja wa jeshi alimfundisha kufunga jeraha, kunyoosha mfupa, na kukanda msuli uliokaza. Yale aliyofundishwa na daktari aliyachanganya na yale aliyoyaona kwa bibi yake kijijini Misigiri: maji ya moto yenye chumvi, samli, na mizizi fulani ya porini iliyotwangwa ikawa kama uji mzito. Alikanda huku anahesabu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, maana alisema msuli ukikandwa kupita kiasi unavimba. Akifika hamsini anaacha.

Paskali Gunda alifika shuleni hapo mwaka 1950 kutoka Ulemo. Baba yake alikwishafariki, mama yake alilima mtama peke yake. Siku ya tatu Mwalimu Simeoni alimwona akikimbia kuwahi kengele, akamwita.

"Nani amekufundisha kukimbia hivyo?"

"Hakuna, Mwalimu. Ng'ombe tu. Wakipotea nawafuata."

"Basi ng'ombe wamefanya kazi nzuri. Kesho alfajiri uje nyumbani kwangu."

Kesho yake ikawa miaka mitatu. Kila alfajiri Paskali alikimbia mpaka mtoni na kurudi, na mwalimu akimsubiri na saa yake ya mfukoni. Kisha walikunywa uji wa uwele nyumbani kwa mwalimu. Mke wake, Raheli, hakujaliwa mtoto, na bakuli la Paskali alilijaza mpaka ukingoni. Likizo ikifika Paskali alikuwa haendi nyumbani mara moja. Alibaki siku nne tano akimsaidia Raheli kupura mtama, akimsikiliza mwalimu akisimulia mvua za Burma. Hakuna mtu mwingine aliyempenda Paskali namna ile, na yeye mwenyewe alilijua jambo hilo. Ndiyo maana baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakujua.

Mwaka 1953 ilitangazwa kwamba mwezi wa sita kutakuwa na michezo mikubwa Singida mjini kusherehekea kutawazwa kwa Malkia. Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, angetoa kombe. Mkuu wa shule, Mzungu aliyekuwa amekuja mwaka huo tu, alilitaka kombe hilo kuliko alivyotaka kitu chochote tangu afike. Alimwita Paskali ofisini, akamwambia kwamba akishinda mbio za maili moja, ataandikiwa barua ya kwenda sekondari. Wakati huo katika wilaya nzima waliokwenda sekondari walihesabika kwa vidole. Paskali alitoka ofisini miguu haigusi chini.

Wiki mbili kabla ya michezo, akipanda kutoka mtoni, alihisi kitu kikivuta nyuma ya kisigino cha kulia. Alijikaza. Siku ya pili alichechemea kidogo, na Mwalimu Simeoni alikuwa amesimama njiani na saa yake. Hata hakuitazama saa.

"Kaa hapo chini."

Aliushika ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino kwa vidole viwili, akaubonyeza polepole toka juu kwenda chini. Paskali alipiga kelele.

"Wiki sita," mwalimu alisema. "Hukimbii."

"Mwalimu, michezo ni wiki mbili zijazo!"

"Naijua kalenda. Huu mshipa umeanza kuchanika. Ukiukimbiza sasa utakatika, na ukikatika, hutakimbia tena maisha yako yote."

Alimkanda, akamfunga, na jioni ile akalikata jina la Paskali kwenye orodha. Mkuu wa shule alipoiona orodha alimwita Simeoni. Waliosikia kupitia dirishani walisema Mzungu alipaza sauti na mwalimu hakupaza. Alisema tu, mara tatu, "Hapana, bwana. Hawezi." Hakuna mwalimu Mwafrika aliyewahi kumwambia mkuu yule hapana, achilia mbali mara tatu.

Siku iliyofuata Paskali aliitwa. Ofisini alikuwamo mkuu wa shule, na pembeni Mwalimu Paulo, mwalimu wa dini na mzee wa kanisa, aliyekuja kuandika.

"Mguu unauma?" mkuu aliuliza kwa Kiswahili chake kigumu.

"Hapana, bwana."

"Kwa nini Simeoni anasema unauma?"

Paskali alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa usiku mzima alikuwa amejiambia kwamba mwalimu anamwonea wivu, kwamba hataki afike mahali ambapo yeye hakufika. Alilisema mpaka likaanza kuingia akilini. Akajibu, "Sijui, bwana. Labda hataki niende sekondari."

"Anakupa dawa?"

"Ndiyo, bwana."

"Dawa ya hospitali?"

"Hapana. Mizizi."

Mkuu alimtazama Mwalimu Paulo. Kalamu ya Paulo ilikuwa inakwenda. "Na akikupaka hiyo mizizi," mkuu aliuliza taratibu, "anasema maneno?"

Paskali aliyajua maneno yenyewe. Yalikuwa namba, moja mpaka hamsini, alizozijua tangu mgongoni kwa mama yake. Na Mwalimu Paulo, Mnyiramba kama wao, aliwahi kukandwa bega na mikono ileile, naye alizijua. Paulo hakuinua uso.

"Ndiyo, bwana," Paskali alisema. "Anasema maneno."

Akapewa kalamu, akaweka jina lake chini ya karatasi.

Katika shule za misheni mwalimu angeweza kusamehewa mengi, lakini si uganga. Simeoni alifukuzwa siku ya Ijumaa. Kanisa likamtenga asishiriki meza ya Bwana mpaka atakapotubu, naye alisema hawezi kutubu kuhesabu. Jumamosi asubuhi wanafunzi walikuwa wamepangwa mistari uwanjani, na wao wawili wakapita kando ya uwanja, Raheli amejitwika godoro na sufuria, mwalimu amebeba sanduku la bati la jeshi. Alipofika karibu na mstari wa Paskali alisimama. Wote walikaza macho mbele.

"Ukikimbia," alimwambia, "anza kufunga bandeji chini ya unyayo, kisha panda nayo juu. Usikaze sana. Na ukisikia unavuta, toka uwanjani hapohapo. Usione aibu."

Akaendelea na safari. Raheli hakugeuka.

Paskali alikimbia. Alikuwa wa pili mzunguko wa kwanza, wa pili tena mzunguko wa tatu, na wa mbele yake alishaanza kuchoka. Watu wa Singida walikuwa wanapiga vigelegele. Aliusikia mguu ukivuta, akakumbuka alivyoambiwa, akaliona kombe mezani linang'aa juani. Akaongeza mwendo. Kisigino kililia kama kijiti kikavu kinachovunjika, akaanguka kifudifudi, na akiwa chini alidhani mtu amempiga teke kwa nyuma. Akageuka kumtafuta. Hapakuwa na mtu.

Mkuu wa shule alifika hospitalini mara moja tu, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Unaona," alisema, "uganga wa yule mtu umekuharibu mguu." Na maneno hayo ndiyo yaliyoenea. Mchungaji aliyasema kanisani, kama mfano. Ikawa kuumia kwa Paskali ni ushahidi dhidi ya mtu pekee aliyemkataza asikimbie. Paskali alilala na bandeji ngumu ya chokaa mpaka gotini, akayaacha maneno hayo yaenee. Barua ya sekondari haikuandikwa.

Alirudi Ulemo na mguu mmoja unaoburuzika. Kwa kuwa alijua kuandika, akapata ukarani kwenye mnada wa ng'ombe. Misigiri, alikorudi Mwalimu Simeoni, ni mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo, hata kwa mtu mwenye mguu kama wake. Miaka minne hakwenda. Habari zilimfuata mnadani bila yeye kuziuliza. Kwamba Mwalimu Simeoni ameomba kazi shule tatu na zote zimemkataa. Kwamba analima mtama na karanga. Kwamba wachunga ng'ombe waliopigwa pembe na wanawake walioteguka wakichota maji wanapelekwa kwake, na anawatibu, lakini wanapita njia ya nyuma wasionekane. Kwamba siku hizi watu hawamwiti tena mwalimu. Wanamwita mganga.

Mwaka 1957, baada ya mavuno, mnunuzi mmoja wa ng'ombe alisema mganga wa Misigiri anakohoa damu. Paskali alifunga daftari akaondoka.

Alimkuta amekaa nje juani, amejifunika koti la jeshi, mabega yamebaki mifupa. Raheli alikuwa anachambua karanga.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

Raheli hakuitika. Simeoni aliitika, macho yake yakiwa chini.

"Daktari alikufunga vibaya," alisema. "Angekunja unyayo kidogo kwanza. Sogea nione."

Paskali alisogea, na ile mikono ikakishika kisigino. Ilikuwa imekonda lakini ilijua njia. Akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, ni mimi niliyesema."

"Najua. Walinisomea. Jina lako lilikuwa chini, na mwandiko ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika hiyo herufi ya G."

"Nisamehe, Mwalimu."

Simeoni alikohoa kwa muda mrefu, akafuta mdomo. "Miaka minne nilikuwa naangalia hiyo njia," alisema. "Sikukungoja uje kuniomba msamaha. Wewe na mimi tunajua nilikuwa nahesabu. Nilikungoja ukawaambie wao. Raheli anakwenda kanisani anakaa benchi la nyuma, na wanawake wanasogea mbali naye. Hilo la msamaha litasubiri."

Jumapili Paskali alikwenda kanisani. Baada ya ibada aliomba kusema mbele ya wazee. Mwalimu Paulo alikuwa sasa ndiye mkubwa wao, mvi zimeanza. Paskali alisimulia yote: mguu, mizizi, namba. Alizihesabu palepale kwa Kinyiramba, moja mpaka hamsini, na mzee mmoja akainamisha kichwa.

"Umemaliza?" Paulo aliuliza.

"Na wewe ulijua, Mwalimu. Ulikuwemo chumbani."

"Kijana, yule Mzungu amerudi kwao. Shauri lile lilikwisha. Leo unataka tusimame mbele ya watu tuseme kanisa lilimtenga mtu kwa sababu alikuwa anahesabu? Watatuuliza mengine mangapi?" Alisema taratibu, kama anayemwonea huruma. "Tutaliombea. Tutalizungumza kikao kijacho."

Kikao kijacho kilikuwa baada ya mwezi. Simeoni alikufa wiki ya pili.

Alizikwa shambani kwake, pembeni ya matuta ya karanga, kwa kuwa aliyetengwa hakuzikwa kwenye uwanja wa kanisa. Hakuna mchungaji aliyekuja. Walikuja wanafunzi wake wa zamani, zaidi ya arobaini, wengine walitembea toka Kiomboi, wawili walipanda lori toka Manyoni. Walisimama kuzunguka kaburi, kila mmoja akieleza alichotibiwa: huyu goti, huyu mkono, huyu kidole kilichotoka mahali pake siku ya mechi. Walicheka kidogo, wakalia. Walipoanza kutupa udongo Paskali aliinama akachota wake. Raheli akamshika mkono.

"Wewe acha," alisema. "Hawa wametosha."

Akauachia udongo, akasimama nyuma ya wengine mpaka wakamaliza.

Baada ya hapo aliandika barua. Aliiandikia ofisi ya elimu ya jimbo, akaeleza mambo yote, akaweka sahihi. Hakujibiwa. Akaandika tena mwaka uliofuata, na wa tatu. Mwaka 1960, bendera ya Mwingereza ikiwa bado mlingotini lakini kila mtu anajua haina siku nyingi, jibu lilifika, mistari miwili iliyopigwa chapa. Paskali alilipeleka Misigiri. Raheli alikuwa anapeta mtama uani, amezeeka upesi.

"Nimeletewa barua, mama. Ya serikali."

"Soma."

Akamsomea. Ilisema kumbukumbu zimetazamwa, na hakuna mwalimu wa jina hilo aliyewahi kuandikishwa katika jimbo.

Raheli aliendelea kupeta. Makapi yalipeperuka upande wa Paskali, naye hakusogea.

"Basi hata huko hayupo," Raheli alisema baadaye. Akamwaga mtama kwenye kikapu, akachota mwingine. "Nenda sasa. Na usije tena kunisomea barua."

Alitembea kurudi Ulemo. Kulikuwa na mnada siku iliyofuata, na ng'ombe walikuwa wameshaanza kufika.