Usingizi wa Saa Sita na Nusu

Mou Ruizhen ameshona viatu hapa Wenzhou, China, miaka ishirini na sita, na vidole vyake viwili havikunjiki tena. Ndiye msimamizi wetu wa cherehani. Aliletwa kiwandani na Meneja Ruan, mtu wa kijiji chao, na tangu hapo mkubwa akitaka jambo kwetu hupitia kwake. Hata binti yangu Lanqiu alipata kazi ya stoo kwa neno lake. Ndiyo maana siku ile niliogopa.

Meneja alituma tangazo kwenye kundi letu la simu: kuanzia Jumatatu hakuna tena ule usingizi wetu wa baada ya chakula cha mchana, tunapozima taa na kulalia cherehani. Mkubwa akituma neno, wasimamizi hujibu kwanza, "Nimepokea," kisha sisi. Msimamizi wa gundi akajibu. Wa soli akajibu. Ruizhen kimya. Nasi wanawake ishirini na wanane hatukuweza kumtangulia.

Jumatatu, saa sita na nusu, Meneja alikuja mwenyewe na zawadi, kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya cherehani ya Ruizhen.

"Dada Zhen, simu yako imeharibika?"

"Nzima kabisa."

"Basi nistiri mbele ya watu. Neno moja tu. Nani alikuleta hapa?"

"Wewe, mdogo wangu. Na kila Mwaka Mpya nakuletea bata wa kukaushwa, sijaruka hata mwaka mmoja. Heshima nitakupa. Usingizi wa hawa si wangu, nitautoaje?"

"Viwanda vingine watu hawalali."

"Ndiyo maana viatu vyao vinarudishwa."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Wafikirie waliopata kazi kwa mgongo wako," Meneja alisema, akitazama mlango wa stoo. Lanqiu alikuwa amesimama pale. Nilimkonyeza arudi ndani. Hakurudi.

Ruizhen alisogeza kopo pembeni, akakunja koti lake, akalilalia.

Simu ilikuwa mkononi mwangu, "Nimepokea" nimeshaiandika. Ningeituma, mwanangu angebaki na kazi. Ndipo taa zikazimika. Swichi iko kando ya mlango wa stoo, na mkono uliokuwa juu yake ni wa Lanqiu.

Nililifuta neno lile, nikalaza kichwa. Mmoja mmoja, wenzangu nao wakainama. Meneja alisimama kidogo kwenye kiza, kisha akatoka kwa kunyata, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala.

Tangazo halikurudiwa. Chai ile tunainywa tukiamka.