Wanaolisha Seli

Shangazi yangu wa Kulesa aliposafishwa kizazi kwa sababu ya mimba ya zabibu, ile isiyo na mtoto, daktari alitaka damu yake iwe ikipimwa. Homoni ya mimba isiposhuka, huenda saratani imeanza. Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi la hospitali ya Garsen, nami nikamweleza niliyojisomea kwenye simu, nikiogopa kukosea hata neno, maana maabara ya utafiti sijawahi kuingia. Nilimwambia kuna seli za saratani hiyo zinazokuzwa ndani ya visahani, na humo bado zinatoa homoni ileile, ndiyo maana watafiti huzijaribia dawa.

"Nani anazilisha?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Watafiti wenyewe. Huzibadilishia maji yenye chakula, hata sikukuu."

"Basi wana moyo, mwanangu. Mimi mpunga wangu nauachia mto, nikienda harusini nausahau."

Muuguzi akamwita. Shangazi alirudi akitabasamu: homoni haikuonekana tena.

"Siku ukiwaona hao," akasema, "waambie waje Kulesa, niwalishe na wao."